Nta Msiitupe



Juma hili tuzungumze juu ya nta. Wenye mizinga wengi huku Bukoba na Muleba, wakiisha kukamua asali, masega huyatupa chini ya migomba, nondo wakayala. Kumbe wanatupa mali! Nta ina wanunuzi, na tangu kale ndiyo iliyofanyiwa mshumaa wa Pasaka. Hata wimbo unaoimbwa mbele ya mshumaa huo usiku wa Pasaka hutaja kazi ya nyuki.

Wengine huipika jikoni. Nami nilifanya hivyo, nikaona cha mtema kuni. Nta ilifurika ikashika moto. Kwa haraka nikamwagia maji, na miali ikaruka hata darini. Mkono wa binti yangu una kovu mpaka leo. Basi shikeni neno hili: nta ikiwaka, usimwage maji kamwe, wala usikibebe chombo, kifunike kwa mfuniko.

Iko njia iliyo salama zaidi, isiyotaka kuni: sanduku la jua. Nta huyeyuka kwa joto la digrii 62 hata 65 za sentigredi, na jua kali hulifikisha joto hilo ndani ya sanduku lililofunikwa kioo.

Fanyeni hivi. Pigilieni sanduku la mbao, urefu sentimita 60, upana 45. Ubao wa nyuma uwe na kimo cha sentimita 28, wa mbele 20, ili kioo kilale mshazari kidogo. Ndani yake wekeni sanduku dogo zaidi, na nafasi ya sentimita 5 chini na kandokando mwijaze maranda makavu, yazuie joto lisitoke. Ndani pakeni rangi nyeusi, maana nyeusi hunywa joto, ikauke kabisa. Kioo kibane vizuri, kwa sababu harufu ya asali huwaita nyuki, nao wakiingia watakufa.

Ndani lazeni sinia la aluminiamu, liinamie mbele, na chini ya ukingo wake bakuli la enameli lenye maji kidogo. Msitumie chuma kitupu wala bati la zinki. Huharibu rangi ya nta. Osheni masega kwa maji safi, yakamueni, kisha yafungeni katika kitambaa chepesi na kuyaweka juu ya sinia. Nta itachuruzika bakulini, takataka zibaki kitambaani.

Sanduku likae juani tangu saa nne asubuhi hata saa tisa alasiri. Kwa kuwa tu karibu na Ikweta, mwezi wa Juni upande wa mbele uelekee kaskazini, na Desemba kusini. Siku ya mawingu msihangaike; ngojeni jua. Jioni acheni nta igande, kesho yake mkwangue uchafu wa chini.

Atakayetaka kufanya mishumaa aiyeyushe tena katika kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji moto, watoto wakiwa mbali, asiiache peke yake.

Kila tarehe 2 Februari mishumaa hubarikiwa kanisani. Itapendeza mwaka mmoja tukiona mikononi mwa watoto wetu mishumaa iliyotoka katika mizinga ya nyumbani, na mikono hiyo haina kovu.