We, mpenzi, au omae?

Hebu jiulize, mpenzi msomaji: mara ya mwisho ulimwita vipi mwenzako? "Mpenzi", "beibi", "mama nanihii", au "we"? Usicheke. Wenzetu Wajapani neno hilo linawatoa jasho.

Kijapani kina maneno kibao ya "wewe", ila mstaarabu anayakwepa. Bosi, mteja, hata jirani, unamtaja kwa jina na kuongeza "san" mwishoni, basi. Kuna "anata", ambalo wake wengi wamezoea kuwaitia waume zao, likawa tamu kama "mpenzi". Halafu kuna "omae". Zamani lilikuwa neno la heshima kwa wakubwa, kama kusema "mtukufu uliye mbele yangu". Leo mwite bosi wako hivyo, kisha tafuta kazi nyingine! Mume akimwita mkewe "omae", wapo wanaoona ndiyo ukaribu, na wapo wanaonuna siku nzima. Mimi ningenuna.

Ikaja intaneti. Kwenye ukumbi wa 2channel, ulioanzishwa mwaka 1999, watu waliandika bila majina. Sasa hiyo "san" utaibandika wapi? Wakachukua "omae" ileile, wakaitia wingi ikawa "omaera", kisha wakaipinda kiutani: "omaira". Yaani, nyie washkaji zangu.

Machi 2004 kijana mmoja akawasimulia washkaji hao kisa chake. Alikuwa kwenye treni, mlevi akaanza kusumbua abiria wanawake, naye akajitosa kumzuia. Dada mmoja akamtumia vikombe vya chai vya Hermès kumshukuru. Shida ni kwamba jamaa hakuwahi kuwa na demu maishani, hata kupiga simu aliogopa. Akaomba msaada: nimpeleke kula wapi? Watu asiowajua hata sura wakamwelekeza mgahawa, nywele, nguo, wakakesha naye. Mei akawapa habari: dada kakubali.

Kisa kikatoka kitabu mwaka uleule, Densha Otoko, na filamu mwaka 2005. Wapo wanaodai kilitungwa. Poa tu, ila walioshangilia usiku ule kwa "omae" zao walikuwa watu kweli.

Wangu mimi huniita "we" mambo yakiwa shwari. Akinitaja jina langu kamili, najua kimenuka. Wako je?