R-22 yabanwa, wauza viyoyozi vya zamani hatarini kupata hasara

UCHAMBUZI

Wafanyabiashara wanaoingiza viyoyozi vya majumbani kupitia bandari za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wamebakiwa na muda mfupi wa kuuza mali inayotumia gesi ya zamani ya R-22. Tangu Januari 2025, nchi zinazoendelea zilizo katika Mkataba wa Montreal wa 1987, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, zinatakiwa ziwe zimepunguza matumizi ya gesi za kundi la HCFC, ambalo R-22 imo, kwa asilimia 67.5 ya wastani wa miaka 2009 na 2010.

Ifikapo 2030 matumizi hayo yatakomeshwa. Kitakachobaki ni kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo iliyokwisha kufungwa, wastani wa asilimia 2.5 kwa mwaka hadi 2040.

Mwenye nyumba hakatazwi kuendelea na kiyoyozi chake. Tatizo litamkuta siku gesi itakapovuja, fundi akaitafuta sokoni na kuikuta adimu au ghali kuliko mashine yenyewe inavyostahili.

Pwani yaguswa zaidi

Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar kiyoyozi kina kazi mbili: kupoza hewa na kukamua unyevu. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mashine hufanya kazi usiku kucha. Wakati huohuo hewa ya chumvi inakula mapezi ya alumini ya mashine ya nje na viungo vya mabomba ya shaba. Matokeo yake ni uvujaji wa mapema.

Fundi anayejaza gesi bila kuziba tundu anamwachia mteja gharama ya kujaza tena baada ya miezi michache. Kwa hiyo mwagizaji wa soko la Pwani ana sababu ya kudai mapezi yaliyopakwa rangi ya kuzuia kutu na kuagiza vipuri pamoja na mashine. Mteja naye aambiwe asafishe vichujio kila baada ya wiki mbili hadi nne, na aoshe mashine ya nje kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Gesi hazibadilishwi ovyo

Wapo wanaodhani mashine ya R-22 inaweza kujazwa gesi mpya na kuendelea kama kawaida. Haiwezekani. R-410A ina shinikizo kubwa kwa takriban asilimia 60 kuliko R-22, na oili ya kompresa yake ni tofauti. R-32 nayo ina shinikizo la namna hiyo, na inaweza kushika moto japo si kwa wepesi. Kujaza gesi ya kupikia katika mashine ambayo haikutengenezwa kwa ajili hiyo ni kuweka bomu chumbani.

Hesabu ya mwagizaji

Anayekimbia R-22 asidhani kwamba R-410A ndiyo kituo cha mwisho. Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa Oktoba 15, 2016, yanahusu kundi jingine la gesi, HFC, ambalo R-410A na R-32 zote zimo. Kwa nchi nyingi za Afrika zilizoyaridhia, kiwango cha gesi hizo kilisimamishwa mwaka 2024. Kitapunguzwa kwa asilimia 10 mwaka 2029 na kufikia punguzo la asilimia 80 mwaka 2045.

Kiwango hicho kinapimwa kwa uzito wa madhara kwa hali ya hewa, si kwa kilo peke yake. R-410A imepewa alama 2,088 na R-32 alama 675. Maana yake, kwa mgawo uleule, mwagizaji anaweza kuingiza kilo za R-32 mara tatu ya zile za R-410A. Hapo ndipo soko linakoelekea.

Umeme nao unaingia katika hesabu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 cha aina ya zamani kinaweza kula kilowati 1.25 kikifanya kazi kwa nguvu zote, wakati cha inveta kilicho bora kinaridhika na 0.9 hivi. Kwa saa nane kila siku, tofauti inakaribia uniti 85 kwa mwezi. Muuzaji akimfanyia mteja hesabu hiyo kwa bei ya Luku au tokeni, bei ya juu ya mashine mpya inaeleweka.

Msafirishaji aangalie mtungi

R-22 na R-410A huingia daraja la 2.2 la bidhaa hatari, gesi zisizowaka, zenye namba UN 1018 na UN 3163. R-32 ni UN 3252, daraja la 2.1, gesi inayowaka, na alama yake ni nyekundu. Dereva aliyepakia mitungi ya R-32 kwa karatasi za R-22 anajiweka matatani mpakani, na ajali ikitokea waokoaji hawatajua wanapambana na nini. Mitungi isimame wima, ifungwe imara na ikingwe jua.

Gesi zinazoharibu tabaka la ozoni zimo pia katika orodha ya bidhaa zenye masharti chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Kibali kitafutwe kabla mzigo haujaondoka, si lori likiwa limekwisha simama Horohoro au Namanga.

Hatari ya gesi bandia ni kubwa zaidi. Mwaka 2011 wafanyakazi watatu walikufa, Vietnam na Brazil, baada ya mitambo ya makontena ya baridi kulipuka. Uchunguzi ulionyesha ilijazwa gesi iliyochanganywa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na alumini huzaa kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa.

Uhaba wa R-22 utawavuta wauzaji wa mitungi ya aina hiyo. Mtungi wa bei ya kutupa, usio na namba wala jina la kiwanda, ni bora uachwe hukohuko ulikotoka. Na mwenye mzigo wa viyoyozi vya R-22 ghalani aupunguze sasa, wakati gesi ya kuvihudumia ingali inapatikana.