Tupime ukurasa kwa simu ya katekista



Likizo iliyopita baadhi yetu tulipelekwa kwenye vigango vya upande wa Mkalama. Jumamosi jioni tulimkuta katekista ameketi nje ya nyumba yake, simu mkononi, akiandaa ibada ya Jumapili kwa kuwa padre asingefika. Alikuwa amefungua tafakari kutoka ukurasa wetu huu. Tulifurahi, mpaka tulipoona anavyosoma. Anakuza maandishi kwa vidole viwili, anavuta ukurasa pembeni amalize mstari, anaurudisha atafute mstari unaofuata, haupati.

"Frateri," alisema, "kila mstari nauvuta kama kamba ya kisima."

Hatukuwa tumewahi kuuona ukurasa wetu hivyo. Wakati wa masomo hatukai na simu. Tunautengeneza na kuukagua kwenye kompyuta za maktaba, zenye kioo cha pikseli 1366 kwa upana. Hapo safu zetu tatu zinapendeza. Simu nyingi huonesha ukurasa kwa upana wa pikseli 360 hivi. Tena kichwani mwa ukurasa ulikosekana mstari mmoja wa maelekezo, ule unaoiambia simu itumie upana wake yenyewe. Usipokuwepo, simu hudhani imeletewa ukurasa wa kompyuta, wa pikseli 980 hivi, na kuuminya wote uenee. Herufi zinabaki kama punje za ulezi.

Wapo wenzetu wanaosema tuweke tu faili la PDF, kwa kuwa mpangilio wake haubadiliki. Sisi tunaona kasoro iko hapo hapo. Karatasi ya A4 inabaki A4 hata ukiiweka kiganjani. Ni nzuri kwa kuchapa na kubandika kwenye ubao wa matangazo parokiani, lakini msomaji wa simu anaishia kuvuta kamba ile ile, na picha zikijaa humo bando linakwisha.

Kanisa limewahi kukutana na jambo la namna hii. Vitabu vya kwaya vya monasteri viliandikwa vikubwa ili waimbaji kadhaa wasimame mbele ya kitabu kimoja. Katika karne ya 13 Wafransisko, watu wa safari, walihitaji sala za vipindi vyote katika kitabu cha kubebeka, nao wakachangia sana kuieneza Breviari. Masomo yalifupishwa, kitabu kikapungua, sala ikabaki sala.

Kwenye tovuti nako njia ipo. Mwaka 2010 mbunifu wa Marekani, Ethan Marcotte, aliandika makala iliyoupa jina mtindo wa ukurasa unaojipanga upya kufuata upana wa kioo. Upana wa safu huandikwa kwa asilimia badala ya pikseli zisizobadilika, picha nazo hukatazwa kuzidi safu yake.

Maoni yetu ni kwamba tuanze na simu, kompyuta ifuate. Safu iwe moja. Masomo ya Jumapili yakae juu kabisa, hata kabla ya picha za jubilei. Herufi zisipungue pikseli 16, na mzee anayetaka kuzikuza zaidi asizuiwe. Ziwe nyeusi pia. Kile kijivu tulichokipenda sana maktabani, jua la Singida linakifuta chote. Kwenye kompyuta safu ya pili inaweza kuingia, ila mistari isinyooshwe kioo kizima, maana ikizidi herufi 75 hivi jicho hupotea linaporudi kushoto.

Mwenzetu mmoja amelalamika kwamba ukurasa wa safu moja unaonekana maskini. Huenda. Lakini Jumapili ile katekista alifika katikati ya tafakari yetu, akakwama, akaweka simu mfukoni na kuendelea kwa maneno yake mwenyewe. (Alihubiri vizuri, pengine kutushinda.) Waamini walikuwa wamekaa wakimsubiri atafute mstari, na tafakari hiyo tuliiandika kwa wiki nzima.

Tumeazima simu ya zamani ya mpishi wetu, yenye ufa kwenye kioo. Toleo hili tumelikagua humo kwanza. Ambaye maandishi bado yanamkatikia pembeni atuambie anatumia simu gani.