Uingereza au Marekani: mlango unafungwa lini?

Vijana wanaotaka kusomea kompyuta ng'ambo huniuliza swali moja karibu kila mwezi: "Kaka, kati ya Uingereza na Marekani, wapi kuna elimu bora?" Jibu langu huwa haliwafurahishi. Hakuna. Kila nchi ina vyuo vizuri sana na ina vyuo vya hivi hivi tu. Cambridge iko Uingereza, MIT iko Marekani, na ukipata nafasi katika kimojawapo, nenda zako na usipoteze muda kusoma makala haya.

Swali ambalo lina faida kuuliza ni hili: katika kila mfumo, mwanafunzi analazimika kuchagua lini atakachosomea, na akibadilisha nia baadaye, atalipa nini? Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya nchi hizi mbili. Na sisi Wakenya inatuhusu kuliko tunavyodhani. Nitafika huko.

Uingereza: amua mapema

Kwanza tuelewane. Nikisema Uingereza hapa nina maana ya England. Uskoti ina mfumo wake, mitihani yake inaitwa Highers na shahada yake ya kwanza kwa kawaida ni miaka 4.

Mtoto wa England hufanya mitihani ya GCSE akiwa na miaka 16. Hufanya masomo mengi, mara nyingi 8 hadi 10, na Kiingereza na Hisabati ni lazima. Baada ya hapo mambo hubadilika ghafla. Wale wanaoelekea chuo kikuu kwa njia ya A-level huchagua masomo 3 tu, basi. Kwa miaka 2 hawagusi kitu kingine. Akiamua Historia, Kifaransa na Fasihi, Hisabati imekwisha maishani mwake akiwa bado hana ndevu.

Akifika mwaka wa mwisho anatuma maombi kupitia UCAS, na ana nafasi 5 tu za kuchagua. Tena haombi chuo tu, anaomba kozi. Chuo nacho humjibu kwa masharti: "Leta A mbili na B, utapata kiti." Akiingia, anasoma kitu hicho hicho kwa miaka 3 na anatoka na shahada. Hata udaktari na sheria mtu huanza moja kwa moja akitoka shule, na miaka 18 yake.

Sasa tazama jambo hili kwa jicho la mtu wa kompyuta. Idara za kompyuta za vyuo vikubwa kama Cambridge na Imperial zinadai A-level ya Hisabati. Kwa hiyo msichana aliyeacha Hisabati akiwa na miaka 16, akagundua utamu wa programu akiwa na 18, anakuta mlango umefungwa. Hakuna aliyemfukuza. Aliufunga mwenyewe miaka 2 kabla, pengine kwa sababu hakumpenda mwalimu wa Hisabati mwaka ule.

Marekani: amua baadaye

Marekani hakuna mtaala mmoja wa taifa. Elimu iko mikononi mwa majimbo 50, na chini yake kuna maelfu ya wilaya za shule ambazo hutegemea kwa kiasi kikubwa kodi za nyumba na ardhi za mahali hapo. Ndiyo maana shule mbili zilizo umbali wa dakika 20 zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi.

Mwanafunzi hukaa shule ya upili miaka 4, na hakuna mtihani mmoja wa mwisho wa kitaifa. Anakusanya krediti za kila somo, na wastani wa alama zake za miaka yote ndio GPA. Juu yake anaweza kuongeza SAT au ACT, na akiwa mkali anachukua masomo ya AP ambayo ni ya kiwango cha chuo. Muhimu ni kwamba anaendelea na masomo mchanganyiko hadi mwisho.

Chuoni hali ni hiyo hiyo. Shahada ni miaka 4, kwa kawaida krediti 120, na sehemu kubwa ya mwanzo ni masomo ya jumla: uandishi, sayansi, historia na kadhalika. Katika vyuo vingi mwanafunzi anaweza kukaa hadi mwisho wa mwaka wa 2 kabla ya kutangaza somo lake kuu. Darasa maarufu la CS50 pale Harvard ni mfano mzuri. Kila mwaka linajaa wanafunzi ambao wengi wao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, na baadhi yao hutoka wameamua kwamba hiyo ndiyo kazi yao. England mtu kama huyo angekuwa tayari katikati ya shahada ya kitu kingine.

Na wanabadilisha kweli. Takwimu za serikali ya Marekani zilizotolewa mwaka 2017 zilionyesha kwamba takriban thuluthi moja ya wanafunzi wa shahada walikuwa wamebadilisha somo kuu angalau mara moja ndani ya miaka 3.

C na Python

Wale wanaoandika programu wataelewa haraka nikisema hivi: Uingereza ni C, Marekani ni Python.

Katika C unatangaza mapema kisanduku chako kitabeba nini, nambari au herufi. Ukishasema, umesema. Faida ni kwamba makosa mengi hukamatwa mapema na programu hukimbia kwa kasi. Katika Python hutangazi chochote. Kisanduku kilichobeba nambari asubuhi kinaweza kubeba maneno jioni. Ni rahisi kubadilisha, lakini programu ni ya polepole zaidi, na kosa ambalo lingekamatwa mapema linakuja kulipuka ikiwa tayari inakimbia, mbele ya mteja.

Hakuna mwenye akili anayesema C ni bora kuliko Python bila kuuliza kwanza unajenga nini. Shule ni vivyo hivyo. Kijana ambaye tangu miaka 14 anafungua redio na kuandika michezo ya kompyuta, England itamfaa sana. Miaka 3, hakuna kupoteza muda, na akimaliza ana kina ambacho mwenzake wa Marekani hukipata baadaye. Kijana ambaye hajui anataka nini (na wengi hawajui, tusidanganyane) atapumua Marekani.

Bili inakuja kwa nani?

Kubadilisha nia si bure popote.

Marekani bili huja kwa pesa na kwa miaka. Baadhi ya vyuo vya kibinafsi vinatoza zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka ukijumlisha karo, malazi na chakula, ingawa wengi hupata punguzo. Harvard, Yale, Princeton na MIT huchagua wanafunzi bila kuangalia uwezo wao wa kulipa, hata wageni, lakini nafasi zao ni chache mno. Mwaka mmoja wa ziada wa "kujitafuta" ni mwaka wa karo. Serikali yenyewe huhesabu waliomaliza shahada ya miaka 4 kwa kipimo cha miaka 6, kwa sababu inajua wengi hawamalizi katika 4.

Tena uhuru huo una mipaka, hasa katika kompyuta. Kozi hii imependwa mno, na baadhi ya vyuo vya umma vimeanza kuweka kufuli. University of Washington huwapa nafasi wengi wa wanafunzi wake wa kompyuta moja kwa moja wakitoka shule. Berkeley nayo, kuanzia walioingia mwaka 2023, imefanya iwe vigumu sana kuingia katika kompyuta ukiwa tayari uko chuoni. Kwa hiyo ukienda Marekani ukidhani utabadilisha tu, soma masharti ya chuo chako kwanza.

England bili huja kwa njia nyingine. Karo ya wenyeji iliwekewa kikomo cha pauni 9,535 kwa mwaka 2025/26, na wao hulipa kwa mkopo unaokatwa mshahara ukizidi kiwango fulani. Wageni kama sisi hatuna kikomo hicho, tunalipa zaidi sana. Lakini gharama kubwa ni ya mlango wenyewe. Ukitaka kutoka Historia kwenda Kompyuta katikati ya shahada, mara nyingi unaanza upya mwaka wa 1. Kuna mlango wa nyuma mzuri, lazima niseme: shahada za uzamili za mwaka 1 kwa watu waliosomea mambo mengine na wanataka kuhamia kompyuta. Ila hiyo ni karo nyingine.

England walijifunza kitu

Ukimlazimisha mtoto kuchagua mapema, haki inadai umwonjeshe kwanza. England waliligundua hilo kuhusu kompyuta. Kwa miaka mingi somo lao la shule lilikuwa la kutumia programu za ofisi, kuandika barua na kupanga majedwali. Watoto walidhani huko ndiko kompyuta inakoishia. Cambridge waliona waombaji wa kozi ya kompyuta wakipungua, na wasiwasi huo ndio uliomsukuma Eben Upton na wenzake kubuni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Februari 2012. Mwezi mmoja kabla, Royal Society ilitoa ripoti kali kuhusu hali ya somo hilo shuleni. Septemba 2014 somo la zamani lilitupwa na somo jipya la kompyuta likaanza, ambapo mtoto wa miaka 5 au 6 anajifunza algorithimu ni nini na anaandika programu ndogo.

Sasa Kenya

Sisi tumewahi kuonja pande zote mbili. Hadi mwisho wa miaka ya 1980 tulikuwa na Kidato cha 5 na cha 6 na A-level, kama Uingereza na kama ndugu zetu wa Uganda na Tanzania hadi leo. Mwaka 1985 tukaingia 8-4-4: miaka 12 ya shule, Hisabati ya lazima hadi KCSE, na miaka 4 ya chuo. Shuleni tulisogea karibu na Marekani, ila chuoni bado mtu aliingia akiwa amekwishaitwa kwa kozi moja, kama Uingereza.

Chini ya mtaala wa umilisi tumerudi upande wa kuchagua mapema. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, likiwa limechagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Hao ni watoto wa miaka 15 hivi. Tumewataka waamue mapema kuliko mtoto wa England anayechagua A-level.

Mimi sipingi kuchagua mapema. Ninachopinga ni kuchagua gizani. Shule nyingi hazina maabara ya kompyuta, basi mtoto wa huko atajuaje kama anaipenda au haipendi? Tumechukua kufuli ya England na kuacha somo la 2014.

Kuna jambo moja limenipa moyo. Aprili 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba Hisabati itasomwa katika mikondo yote, ingawa walio nje ya sayansi watasoma iliyo nyepesi. Ni hatua nzuri. Januari 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak alitaka wanafunzi wote wa England wasome Hisabati hadi miaka 18, na halikutimia hadi akaondoka madarakani. Lakini Hisabati nyepesi ikiwa haikubaliki katika idara yoyote ya kompyuta ya chuo kikuu, basi tumepaka mlango rangi tu, bado umefungwa. Vyuo vyetu vianzishe kozi fupi ya daraja, ya muhula mmoja au miwili, kwa anayetaka kuvuka. Haigharimu maabara mpya, inahitaji mwalimu wa Hisabati na ubao.

Na wewe kijana unayeniuliza Uingereza au Marekani: kabla ya kuangalia orodha ya vyuo bora, jiulize kama una uhakika na unachotaka. Ukiwa na uhakika na mfuko ni mdogo, miaka 3 ni michache kuliko 4. Usipokuwa nao, tafuta mahali ambapo kubadilisha nia hakutakumaliza. Na popote uendako, usiache Hisabati kwa sababu ya mwalimu. Mwalimu utamwacha shuleni, mlango utauhitaji.