Neno la Mhariri: Karatasi Chini ya Sindano

Aingiaye katika vyumba ambamo makumbusho makuu ya Ulaya huhifadhi vipepeo, akavuta droo moja miongoni mwa maelfu, aghalabu macho yake hutekwa kwanza na mbawa, na ndipo baadaye, akijaliwa subira, huinama kusoma vikaratasi vilivyochomwa kwa sindano ile ile iliyomshika mdudu. Toleo hili ladai kwamba vikaratasi vingetangulia, maana pasipo hivyo mdudu mkavu ni pambo tu.

Kanuni ya wataalamu ni kwamba jina la kila spishi sharti lifungamane na kielelezo kimoja cha asili, hata shaka ikizuka miaka mia baadaye, hukumu itolewe kwa kiwiliwili kile, si kwa kumbukumbu ya aliyelitunga jina. Huko London vielelezo hivyo hutambulikana kwa karatasi ya duara yenye ukingo mwekundu. Miongoni mwa vipepeo wa ukoo wa Riodinidae, ambao spishi zake hupita elfu moja na karibu zote ni za Amerika, Afrika imepata wachache mno. Na ilhali wenzao wa ng'ambo wamenakshiwa vidoa vinavyomeremeta mfano wa madini, wa kwetu wengi wamevaa kahawia ya unyenyekevu. Mmoja wao, Abisara neavei, alipewa jina na N. D. Riley mwaka 1932 kwa heshima ya S. A. Neave, mtu yule yule ambaye baadaye alihariri orodha kubwa ya majina ya jenasi za wanyama wote.

Walakini ithibati iliyo karibu nasi zaidi hapa Kibingo, mkoani Kagera, si ya kipepeo. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwezi Novemba 1861, aliliita ziwa dogo la pale Little Windermere, kana kwamba halikuwa na jina, na swala wa mafunjo aliyeandikwa kutoka huko, ambaye wenyeji walikwisha kumwita nzohe, akajulikana ulimwenguni tangu 1863 kama Tragelaphus spekii. Jina limemfuata mgeni. Lakini mahali pa asili, kila kitabu kinapomtaja, ni Karagwe.

Wako wanaodai vielelezo virejeshwe, nasi hatuwabezi. Lakini mtunza makumbusho, hata awe mwaminifu kupita kiasi, aweza kuzilinda mbawa zisiliwe na wadudu, asiweze kupalinda mahali. Mtaalamu anayetaka kujua kama spishi mbili ni moja hurudi palipoandikwa kutafuta kiumbe mbichi wa kulinganisha na yule mkavu. Na viwavi wa Abisara hula majani ya Maesa, mti mdogo wa kando ya msitu ambao hukatwa pasipo mtu kuuliza pindi shamba linapopanuliwa. Mti huo ukitoweka, shahidi wa London atabaki na ushahidi usioweza kuhojiwa.

Ndiyo sababu tuliwataka waandishi wa toleo hili waanze na mahali: kijiji, kijito, mwinuko, tarehe. Makala moja iliyotufikia ikisema "Kagera" tu tuliirudisha kwa mwenyewe, naye, baada ya kununa siku kadhaa, akatuletea jina la kijito.