Gunia Bei Moja, Mlima Je?

Mfanyabiashara wa nafaka mkoani Ruvuma anajua bei ya mahindi ya jana na ya leo. Lakini mwulize kilo moja inamgharimu kiasi gani kupanda kwa baiskeli hadi ghalani, atakuonyesha gunia badala ya mizani.

Hapo ndipo penye kasoro. Songea ni mji wa vilima na mabonde, chini ya milima ya Matogoro. Mwenye baiskeli hulipwa kwa gunia, na gunia lenyewe mara nyingi ni lumbesa. Tuchukue mfano wa malipo ya shilingi 2,000. Kwa gunia la kilo 100, anapata shilingi 20 kwa kilo. Likijazwa hadi kilo 130, anabaki na shilingi 15 na senti 38. Kilo 30 amezipandisha mlima bure.

Na mlima hausamehe. Kwenye mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100, kila kilo 100 humrudisha nyuma mtu kwa nguvu ya karibu kilo 10. Wakati wa kushuka, uzito huohuo unakuwa juu ya breki. Breki zikishindwa, spoki na rimu ni hasara yake. Mahindi yaliyomwagika ni hasara yako wewe mwenye mali.

Wapo watakaosema dawa ni guta au bodaboda. Sawa, lakini hizo zinakunywa petroli, na lumbesa haipungui uzito kwa kupakiwa kwenye injini.

Kanuni za vipimo nchini zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wakulima wa korosho wa Nalasi, wilayani Tunduru, wanaelewa maana yake: katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mzigo hupimwa kwanza, ndipo unauzwa. Kwa nini mahindi yabebwe kwa kukisia?

Ushauri wetu kwa wenye maghala ni huu. Pima kabla ya kupakia, lipa kwa kilo, na weka bei mbili: ya tambarare na ya mlimani. Gharama yako itaongezeka kidogo, lakini utaijua. Mfanyabiashara asiyejua gharama ya usafirishaji hawezi kujua faida yake, hata akiuza kwa bei nzuri kiasi gani.