Gari Dogo na Njia ya Masika

BARAZA LA KIBAONI
Na Idrisa Mwinyimkuu

Tangu lami ya kutoka Kidatu ilipotufikia, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua mwezi wa Agosti 2024 pamoja na daraja la Ruaha Mkuu, swali ambalo zamani lilikuwa la watu wa Dar es Salaam limehamia hapa kwetu Kibaoni, jirani na Ifakara mjini: je, mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa mpunga anunue Vitz, Passo au IST, au astahimili bajaji hadi apate uwezo wa kununua gari la juu? Wanaokataa hutanguliza ile methali ya rahisi kuvunja upishi, na wanaokubali hutanguliza unafuu wa mafuta. Nami naona pande zote mbili zinapima gari, ilhali kinachostahiki kupimwa kwanza ni safari za mwenye gari.

Tuanze na fedha, maana ndipo wengi hughurika. Gari la mtumba kutoka Japani hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na mwisho wa hesabu Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Injini isiyozidi cc 1000 husamehewa ushuru wa bidhaa, iliyozidi hapo hadi cc 2000 hulipa asilimia 5, na gari lililopita miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa ajili ya uzee wake. Basi gari la cc 996 lililothaminiwa na TRA kwa shilingi milioni 6, nalo limevuka miaka hiyo, hudaiwa karibu milioni 5 na nusu kabla ya tozo ndogondogo na bima. Lau lingalikuwa chini ya miaka 8 kwa thamani hiyohiyo, lisingalidaiwa hata milioni 3. Ndiyo maana aghalabu mtu wa kipato chetu huliacha la bandarini akatafuta lililokwisha kutumika nchini, namba D kama tusemavyo, ambalo kodi zake zimelipwa na mwingine.

Lakini hapo hadhari yahitajika maradufu, kwa kuwa bonde hili ni la mafuriko, na gari lililolala majini huoshwa likang'arishwa kabla ya kupelekwa kwa dalali. Nilimtazama fundi mmoja wa hapa akimkagulia jirani yangu Passo: hakugusa injini kwanza, bali aliuvuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake akitafuta mstari wa tope, akafunua zulia na kulinusa, akapapasa reli za viti kama zina kutu. Kisha akatandika gunia, akaingia uvunguni, akapitisha kidole kwenye sampo. "Mzee, mwambie apunguze bei," alisema alipotoka. "Hili limegonga mawe sana. Sampo ikitoboka njiani, oili ikamwagika, injini imekwenda."

Maneno hayo ndiyo kiini cha shauri zima. Gari dogo tumbo lake li karibu na ardhi. Kwenda Mang'ula, Kidatu hata Mikumi juu ya lami halina taabu, na spea za Toyota hizi hupatikana kwa urahisi, lakini njia za udongo mweusi ziingiazo mashambani, mvua za Aprili zikishika, hazilihurumii. Wapo wasemao kwamba kwa sababu hiyo lazima mtu anunue gari kubwa. Siafiki; kwani mpunga haubebwi kwa gari la kutembelea, liwe dogo au kubwa, bali hukodiwa Fuso au pawatila, na mwenye shamba huweza kwenda kwa pikipiki siku ambazo njia haipitiki. Kununua injini kubwa kwa ajili ya siku chache za matope, na kuilisha mafuta mwaka mzima juu ya lami, ni israfu.

Kwa hiyo, akaaye Kibaoni na kazi yake i Ifakara mjini, anunue gari dogo bila kuona haya, baada ya fundi wake mwenyewe, wala si wa dalali, kulikagua, na abakize akiba ya tairi na shokapu. Ama yule ambaye nyumba yake i ndani ya njia ya udongo, aipite kwanza njia hiyo kwa miguu mwezi wa Aprili, ndipo atoe fedha yake.